Kibodi ya Mama Ilipogoma

Kila Jumamosi, nyumba ya Mwalimu Magdalena pale Sakina, Arusha, iliamka kabla ya mabasi ya Nairobi. Binti yake, Aika, alifagia uwanja, akamwaga maji kutuliza vumbi la barabarani, akafua sare zake na kuzianika. Bibi, mama yake Baba, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko akimenya ndizi, redio yake ndogo ikinong'ona pajani. Alikuwa ameteremka kutoka Nkoaranga kuja kutibiwa goti, na redio ile ndiyo iliyomletea habari za nyumbani. Baba hakuwepo. Alikuwa dereva wa watalii, na msimu ule wa wageni alishinda Serengeti akiwatafutia watu wengine simba.

Kazi ya mwisho ya Aika, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kupangusa kompyuta. Kwanza aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika skrini, kisha kile cha boksi la kompyuta, kisha kile kidogo cha kibodi, maana Mama aliivalisha kompyuta yake kama bibi harusi. Kibodi na kipanya chake havikuwa na waya hata kidogo. Viliongea na kompyuta kupitia kidude kilichochomekwa nyuma ya boksi. Wageni walipokuja, Bibi aliwaonyesha kwa fahari, pengo lake la jino la mbele likiwa wazi, kana kwamba yeye ndiye aliyekata waya.

"Isiguswe tena mpaka nirudi," Mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na begi begani, tayari kwenda Moshi kwenye semina ya walimu. "Narudi Jumatano. Ripoti yangu imo humo, imebaki sura ya mwisho. Ijumaa nisipoikabidhi chuoni, nasubiri mwaka mwingine mzima."

Aika aliijua ripoti ile. Mchana Mama alifundisha darasa la nne, jioni alisahihisha madaftari, na alfajiri, wenzake wakiwa wanakoroma, aligeuka mwanafunzi wa chuo kikuu hapo hapo penye kompyuta. Kwa ajili ya ripoti hiyo alipanda kwa miguu mpaka shule za mlimani, akiwahoji wazazi kuhusu watoto watoro. Nakala aliyoiweka kwenye flashi ilikwishaliwa na virusi. Mwaka ule kila duka la Arusha liliuza flashi, na virusi ulipewa kama nyongeza. Nakala iliyobaki ilikuwa moja tu, ndani ya kompyuta.

"Ndiyo, Mama," Aika alijibu.

Ilikuwa ndiyo ya kweli kabisa. Ilidumu mpaka Eliya alipopiga hodi.

Eliya alikuwa binamu yake, mtoto wa mama mkubwa, kijana wa kidato cha pili mwenye majibu ya maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Alimwamkia Bibi upesi upesi, akaingia sebuleni na kuchomoa sidii kutoka ndani ya shati.

"Bado inakwenda kama konokono?"

"Inachelewa kuwaka. Mama anasema ni virusi."

"Basi dawa hii hapa. Linux! Mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Ukiiweka, virusi vya flashi vinabaki vimekodoa macho. Tena ya bure, kaka mmoja chuoni kanipa."

"Mama amekataza isiguswe."

"Amekataza isiharibiwe. Sisi tunaitibu. Hebu fikiria, Jumatano anawasha, paa! Inakimbia kama pikipiki mpya. Utaona atakavyokukumbatia."

"Na ripoti yake?"

"Haiguswi! Linux inakaa pembeni ya Windows. Wapangaji wawili, nyumba moja, kila mtu na mlango wake."

Aika alijua la kujibu. Lakini kule kukumbatiwa kulikwishamwingia kichwani, na kichwa kikishakaliwa na kitu kama hicho, la kujibu hubaki limesimama nje.

Eliya aliichomeka sidii, akabonyeza hapa na pale, kisha akatazama saa. "Nina mechi. Ikikuuliza kitu, soma vizuri, halafu bonyeza endelea." Akatoka mbio.

Aika alibaki peke yake akijibu maswali. Kibodi ilitii, kipanya kilitii. Aliandika jina lake, akachagua neno la siri, na mstari wa rangi ukaendelea kutambaa kwenye skrini. Kabla haujafika mwisho, Bibi alimtuma dukani kuleta mafuta ya kula. Dukani kulikuwa na watu wengi, na muuzaji alikuwa na hadithi kwa kila mmoja wao.

Aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Aliizima kompyuta kwa kitufe chake, akaiwasha upya. Kwanza ilitokea orodha fupi kwenye weusi mtupu, Linux juu, Windows chini. Orodha ilisubiri kidogo, kisha ikachagua Linux yenyewe. Likaja jina la Aika, na chini yake kisanduku kinachodai neno la siri.

Aika aliandika. Hakuna kilichotokea.

Alibonyeza tena, kwa nguvu. Kimya. Alisukuma kipanya huku na huku, lakini mshale ulibaki katikati ya skrini kama nzi aliyekufa kwenye maziwa. Alizima, akawasha, na ile orodha ya weusi ilipotokea alijaribu kushuka kwenye Windows ili aone kama ripoti ya Mama bado ipo. Kitufe hakikushusha kitu. Orodha ikasubiri, ikachagua Linux, ikamrudisha pale pale.

Wazo la betri lilipita, akalifukuza. Betri zilikuwa mpya, alizitia mwenyewe juzi huku Bibi akimwangalia. Kitu kigeni kilichoingia kwenye kompyuta kilikuwa kimoja tu, na aliyekiingiza ni yeye.

Aliizima, akaivalisha vitambaa vyake vyote vitatu, akanyoosha pindo kwa uangalifu, kama mtu anayefunika maiti.

Jioni ile Bibi hakuongea. Ndizi alizozipika mwenyewe hakuzimaliza, na redio yake alikuwa ameifunika kwa khanga. Ghafla aliuliza, bila kumtazama Aika, "Mjukuu wangu, ile mashine ya mama yako... inaendelea vizuri?"

Aika aliendelea kumega ndizi. "Ndiyo, Bibi."

"Haya. Mungu ni mwema," Bibi alisema, akageukia ukutani.

Anajua, Aika aliwaza. Anajua, na anamsubiri Mama.

Jumapili baada ya ibada alijaribu tena. Safari hii kibodi ilikuwa na uhai, na moyo wa Aika uliruka. Aliandika neno lake la siri herufi moja moja, lakini kila alipobonyeza mara tatu, kinukta kimoja tu kilijitokeza. Kompyuta ikamwambia neno si sahihi. Alirudia. Si sahihi. Kisha, vidole vyake vikiwa hewani kabisa, vinukta vikaanza kumiminika vyenyewe, safu nzima, kama kuna mtu asiyeonekana anayeandika. Aika alirudi nyuma na kiti chake, akachomoa waya wa umeme ukutani bila hata kuzima.

Tangu hapo kila kitu kilimtisha. Simu ya nyumbani ilipolia, alidhani ni Mama amejua. Alipoulizwa shuleni nusu ya thelathini, alijibu, "Sijaigusa, mwalimu," na darasa zima likacheka mpaka kengele ikalia. Usingizini alimwona Mama akifungua boksi la kompyuta na kukuta ndani majivu.

Jumanne alimkamata Eliya njiani.

"Ahaa," Eliya alisema baada ya kusikiliza. "Linux hiyo haielewani na kibodi isiyo na waya. Niliwahi kusikia."

"Ulisikia lini?"

"Nimekumbuka sasa hivi. Sikiliza. Rudisha sidii, chagua kufuta diski yote, anza upya."

"Kufuta yote? Na ripoti ya Mama?"

Eliya alijikuna kisogo. "Una hakika bado ipo? Labda ilishakwenda zamani. Wewe futa, halafu sema umeme ulikatika ghafla, ukaja kwa nguvu, ukaua kila kitu. Umeme wetu huu nani asiyeujua? Hakuna atakayebisha."

Jumatano alipotoka shule, Aika aliirudisha sidii. Kipanya kilikuwa kimepumzika tangu Jumapili, nacho kiliamka kidogo. Mshale ulijikokota kwa kuchechemea mpaka kwenye maneno aliyoyataka Eliya. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Ilibaki kubonyeza mara moja tu. Hata uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepisi na mtamu. Umeme, Mama. Ulikatika.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe alipomkumbuka Mama siku aliyotoka mlimani wakati wa mvua, viatu mkononi, tope magotini, akicheka kwamba mzazi mmoja alikubali kuhojiwa kwa sharti asaidie kukamua ng'ombe. Kama siku ile bado ilikuwamo ndani ya kompyuta, kidole hiki ndicho kingeifuta.

Aika aliondoa mkono. Akaizima kompyuta, akatoka, akaenda kusimama kituoni. Alikuwa na hofu kubwa kuliko ya siku zote zilizopita, ila safari hii ilikuwa inakwenda naye mahali.

Mama aliteremka na begi lake na mkungu mdogo wa ndizi. Hakuwahi hata kumpa mtoto mzigo.

"Mama, shikamoo. Mama, nimeweka Linux kwenye kompyuta na kibodi imekufa na sijui kama ripoti ipo."

Alisema yote kwa pumzi moja. Mama alisimama. Mafundi wa magari kando ya barabara waliendelea kugonga vyuma. Mama aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Umeifuta?"

"Sijui, Mama. Haifunguki." Machozi yalianza kumtoka. "Nilitaka kuifuta yote leo nikudanganye ni umeme. Sikufanya."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi!" Sauti ya Mama ilipanda mpaka fundi mmoja akaacha kugonga. "Simu si ipo nyumbani? Jumamosi ungeniambia, Jumapili ningekuwa nimerudi! Leo nina siku ngapi, Aika?"

Mama alifunga macho, akavuta pumzi, akatoa simu na kumpigia Mzee Shabbir.

Mzee Shabbir alikuwa na duka la kompyuta mjini. Ndiye aliyewauzia kompyuta ile, na mjukuu wake Tahera alifundishwa na Mama. Alifika kabla giza halijaingia, kibodi ya waya kwapani.

"Shikamoo, Mzee," Aika alisema kwa sauti ya panya.

"Marahaba, daktari. Mgonjwa uliyempasua yuko wapi?"

Alichomeka kibodi yake ya waya, akawasha, akamsogezea Aika kiti. "Andika wewe. Neno la siri ni lako, mimi natazama ukutani."

Aika aliandika kwa vidole vilivyopoa. Kila herufi ilileta kinukta chake. Skrini ikafunguka, pana na yenye rangi.

"Linux yako nzima kabisa," Mzee Shabbir alisema. "Haya, tumtafute yule mpangaji wa zamani." Alichungulia diski, akafungua hapa, akafungua pale. Mama alikuwa amemwegemea mgongoni bila kujua. Folda ikafunguka. Ripoti ikafunguka. Mama alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili hakuuweza. Alishika kifua, akakaa.

"Sasa tunakili kwanza, kabla hatujasherehekea," Mzee Shabbir alisema, akatoa flashi safi. Alipomaliza alimgeukia Aika. "Niambie. Ile orodha ya weusi inayotokea mwanzo, kibodi yenu iliisogeza?"

"Hapana, Mzee. Hata kidogo."

"Hapo Linux ilikuwa bado haijaamka. Sasa utamlaumuje mtu aliyelala?"

Aliigeuza kibodi isiyo na waya, akafungua kifuniko cha tumboni, akatoa betri. Aliziinua kwenye mwanga wa dirisha. Akatoa na za kipanya, akaziinua nazo. Akakohoa.

"Mwalimu, nyumba hii ina panya?"

"Hawakosi. Kwa nini?"

"Wenu wana pengo la mbele."

Kwenye kila betri kulikuwa na alama za meno, zimepangwa vizuri, na katikati nafasi ya jino moja lililokosekana. Mama aliangalia betri. Aika aliangalia betri. Kisha wote wawili, bila kupenda, wakaangalia mlango wa jiko. Bibi alikuwa amesimama pale, khanga imefunika mdomo.

"Ni mimi," alisema. "Jumamosi redio ilikata katikati ya matangazo ya vifo. Rafiki yangu Fransiska ni mgonjwa kule nyumbani, siku zote nasikiliza kama atatajwa. Nilimwona Aika juzi akitia betri mpya humo. Nikamtuma dukani, nikazichukua. Zangu nikazing'ata kidogo ziamke, nikaziweka pale. Nikasema nitazirudisha jioni." "Mtoto akarudi, akabonyeza, ikakataa. Nikajua nimeiua mimi. Nimekuwa na hofu ya kukutazama usoni, Mama Aika. Sijalala."

"Bibi!" Aika alisema. "Mimi nilidhani umejua nimeiua mimi!"

"Na Fransiska?" Mzee Shabbir aliuliza.

"Hajatajwa. Mungu ashukuriwe."

Mzee Shabbir alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakaza uso. "Lakini Bibi, betri haing'atwi. Ndani yake mna kemikali, inachoma mdomo na kuharibu meno. Hayo yaliyobaki bado tunayahitaji."

Alitia betri mpya. Kibodi bado ikanyamaza. Mzee Shabbir alimwonyesha kitufe kidogo kwenye kile kidude cha nyuma ya boksi. "Zikikaa sana bila nguvu zinasahauliana. Bonyeza hapa, halafu kile cha tumboni mwa kibodi, zikumbushane. Haya, na kipanya pia."

Aika alibonyeza. Taa ikapepesa. Aligusa kitufe kimoja cha kibodi, na herufi moja ikatokea kwenye skrini, peke yake, safi.

Alhamisi nzima Mama aliandika sura ya mwisho, Aika akimsomea takwimu kutoka kwenye karatasi, Bibi akileta chai na kurudi kwa ncha za vidole. Ijumaa Mama alikwenda chuoni na kurudi bila ripoti mkononi. Aliketi kwenye mkeka, akavua viatu, akawaita wote wawili. Eliya, aliyekuwa amepita kuuliza hali ya hewa, aliambiwa naye aketi, maana Aika alikuwa amekwisha kumsimulia Mama yote.

"Sasa naweza kusema bila kupiga kelele," Mama alianza. "Aika, kitu cha mtu akikwambia usikiguse, hata nia njema haikupi ruhusa. Ungeomba, tungenakili kazi yangu kwanza, na Linux ningeikubali. Naipenda, inakimbia kweli. Na wewe Eliya, usimpe mwenzako uongo ambao hutakuwepo yeye akiusema."

Eliya alitazama vidole vyake vya miguu.

"Mama," aliendelea, akimgeukia Bibi kwa sauti ya chini, "wewe betri ungeniomba hata kwa simu, ningemwambia Aika akununulie. Tazameni. Aika aliogopa, Bibi akaogopa, mkala meza moja kila jioni, na kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu. Mngeambiana Jumamosi ile ile, ingekwisha kabla chai haijapoa. Kilichokaribia kufuta kazi yangu si betri wala Linux. Ni kukaa kimya. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna watu wa kukusaidia na muda wa kurekebisha. Kuogopa si kosa. Semeni huku mnaogopa, kama Aika alivyofanya kituoni. Siku ile nilikasirika sana, lakini mnajua nini? Tangu nilipoketi juu ya lile tairi, nilijua nina mtoto ninayeweza kumwamini."

Kisha akamkumbatia, kwa nguvu, mpaka Aika akasikia harufu ya chaki kwenye gauni lake.

Bibi aliinuka kupeleka vyombo jikoni. Muda mfupi baadaye ukasikika mlio wa kitu kinachopasuka, halafu sauti kubwa ambayo Sakina yote iliisikia:

"Mama Aika! Nimevunja kile kikombe chako cha maua!"

"Asante kwa kunieleza, Mama!" Mama aliitikia. Akafikiri. "Kile cha maua mekundu?"

"Ndicho!"

Mama alifunga macho, akavuta pumzi ndefu. "Usishike vipande kwa mkono," alisema, akiinuka. "Tunakuja na fagio."